Kesho ya Fundi

Jumapili, tarehe 14 Juni

Kwako Kaka Mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia. Huku tunaendelea. Shangazi goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini ulimi haujambo. Jana aliniambia nitulie, maana hata cherehani imechoka kunitazama nikiinuka na kukaa. Kweli situlii, kaka. Juzi nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Tangu tumzike baba, kitu pekee ninachokifanya sawasawa ni kutia ufunguo saa yake ya ukutani, mizunguko saba kila asubuhi, kama alivyotufundisha.

Bila shaka umesikia kwamba yule mzee aliyewahi kuongoza nchi amefariki. Najua ulizima redio. Tangu tukiwa wadogo, jina lake likitajwa ulikuwa unaizima, na baba anakwambia uiache, redio haina kosa. Barua hii nakuomba usiizime.

Sikuwahi kukuambia kwamba alikuwa mteja wangu. Alianza kuja mwaka jana, kwa miguu, na koti la buluu ndani ya mfuko wa karatasi. Alitaka lipunguzwe. Nilimshauri ashone jipya, akasema koti bado zima, aliyechakaa ni yeye. Akakaa kwenye benchi, nyuma ya wanawake watatu. Mmoja wao, muuza nyanya, alimkemea kwamba amenyoosha miguu njiani kama yuko kwake. Akaomba radhi, akaikunja, akasogea mwisho kabisa wa benchi. Alipoondoka nikamwambia muuza nyanya amemkemea nani. Akasema basi afadhali, kwa miaka yote ile alikuwa na mengi ya kumwambia na hakupata nafasi. Safari iliyofuata alimwambia mwenyewe usoni. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akamwomba aendelee, maana sasa ana muda.

Nikimwita mheshimiwa alikuwa anatazama nyuma, kana kwamba kuna mtu ameingia. Pini zikianguka aliinama kuziokota moja moja, mimi nikiona haya. Kila mwezi au miwili alirudi na koti lilelile, na kila mara kipimo kilikuwa kimepungua. Mimi nilijua anaugua kabla ya magazeti.

Siku moja aliiona picha ya baba ukutani, amevaa kofia ya stesheni. Akauliza ni nani. Nilimjibu wazi kwamba ni baba yangu, alikuwa karani wa tiketi, akafukuzwa pamoja na waliogoma, ilhali wiki ile ya mgomo alikuwa kitandani na homa. Nikamwambia barua ya kumfukuza ina saini yake yeye mzee, na baba, anayeugua sasa, anayo mpaka leo chini ya godoro. Nilisema hivyo nimeshika mkasi.

Hakujitetea. Aliuliza tu homa ile ilichukua siku ngapi. Kisha akasema orodha ya waliofukuzwa ilikuwa na kurasa tisa, alisoma ya kwanza akatia saini kwenye ya mwisho, kwa sababu gari lilikuwa linamngoja. Akaniomba ruhusa aje nyumbani amtake baba radhi, bila gari wala mpiga picha. Ngazi zetu atazipanda polepole, atakaa atakapoonyeshwa, na akifukuzwa ataondoka. Ila nimuulize baba kwanza, si vizuri kumvamia mgonjwa. Nikamwambia nitamuuliza kesho.

Unatujua mafundi na kesho yetu. Daktari alikuwa amesema baba asishtuliwe, moyo wake umechoka. Nilikuwa naingia na uji, namkuta amelala anahesabu saa inavyogonga, naweka bakuli natoka. Na nikuambie ukweli wote, si daktari tu. Niliona haya baba ajue namshonea mtu yule, na kwamba nimempenda.

Mzee aliniuliza mara tano, bila kunisukuma, na mara tano nikasema kesho. Ile ya tano alitabasamu, akasema hata alipokuwa madarakani ni mafundi tu waliothubutu kumwambia hivyo. Wiki iliyofuata, Alhamisi asubuhi, niliamka nimeazimia kusema. Niliingia na uji. Saa ilikuwa inagonga, na baba hakuwa anahesabu.

Ulipokuja mazikoni ulisimama kando ya kaburi ukasema laiti mmoja wa wale waliomfukuza, hata mmoja tu, angekuja kumwomba radhi, mzee wetu angeondoka na moyo mwepesi. Nilikuwa nimekushika mkono.

Nilipofungua tena chumba cha kushonea, mzee alikuja. Hakuwa na habari. Suruali ameifunga kwa kamba, pumzi zinampanda. Nikamwambia baba amefariki. Akaketi, akaitazama ile picha, na mimi nilipomwona anavyoitazama, mdomo wangu ukasema kwamba baba aliupata ujumbe wake kabla hajafa, na alimsamehe. Akauliza alitamka maneno gani hasa. Nikasema alisema mwambie yameisha, asihangaike na ngazi zetu. Ilikuwa sauti ya baba kabisa, kaka, hata mimi niliisikia. Mzee alijifunika uso kwa lile koti.

Kisha akanipa nilipunguze mara ya mwisho, akasema kitambaa kitakachozidi kwa ndani nikikate, yeye hatanenepa tena, kitafaa kiraka cha kaptula ya mtoto wa mtu. Fundi hakikati kitambaa kile. Hukiacha vidole viwili ndani ya mshono, ili mwili ukirudi nguo ipanuliwe. Sikukikata. Nikamwambia nimekikata. Wiki tatu baadaye alizikwa na koti hilo. Nililitambua gazetini, kwenye picha ya jeneza likiwa wazi, kwa kifungo cha pili, nilichokishona kwa uzi mweusi buluu iliponiishia.

Sasa unajua. Yule mmoja uliyemtaka siku ile alikuwepo, na mimi ndiye niliyemzuia mlangoni. Na msamaha alioondoka nao niliutunga mimi. Baba na yule mzee siwezi kuwauliza tena. Lakini wewe una sauti ya baba, na hasira yake, na ulimjua kabla yangu. Niambie, angesema vile? Na kama asingesema, unaweza kumsemea wewe, ili maneno yale yasibaki uongo mtupu? Hata ukishindwa, niandikie. Hata ukiwa umenikasirikia, niandikie. Ila usiniambie kesho.

Shangazi anasema ujifunike kifua. Saa ya baba inatembea vizuri. Asubuhi ukisikia saa yoyote ikigonga huko uliko, unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi