Uwazi wa Vidole Vinne

4 Februari

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiwa umesimama husikilizi mtu. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi. Kifua cha Mama kinanitia hofu. Daktari alisema asilale tena msimu wa mvua katika nyumba yenye ukungu, na neno hilo halinitoki.

Unajua kazi yangu huku ughaibuni ni kuta. Kila nyumba hupewa daraja kwa jinsi inavyotunza joto, na nyumba ya Mama nataka iwe ya daraja la kwanza. Jenga kuta mbili za tofali, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na katikati uache uwazi wa vidole vinne. Mvua ikipenya ukuta wa nje, maji yateremke humo yatokee kwenye matundu ya chini. Wa ndani utabaki mkavu, na hita moja ndogo itamtosha. Mchoro nimeuambatanisha. Uwazi huo ndio nyumba yenyewe, Baba.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu Injinia, marahaba.

Goti linalalamika, mwenyewe simo. Mama yako anakohoa lakini anakula.

Kumbe siku hizi hata nyumba zinafanya mtihani! Majirani wanauliza kama tunajenga gereza, tofali zote hizo kwa watu wawili. Mchoro wako naufuata. Tumefika usawa wa madirisha, na Mama yako kila jioni anataka kujua tumepandisha mistari mingapi ya tofali. Amekwisha chagua pa kuweka kitanda. Usijisumbue, miaka arobaini ya kushika mwiko wa uashi si mchezo.

Baba yako

9 Mei

Mwanangu, hujambo? Sisi tunasukuma siku.

Nyumba imekwisha. Nimerekebisha jambo dogo tu. Jirani aligonga ukuta kwa fimbo, ukavuma, akanitazama. Niliona aibu sana. Katika kazi yetu fundi anayeacha utupu ndani ya ukuta ni mwizi, amekula saruji ya mwenye nyumba, na mimi sijaiba hata kijiko. Basi nimemimina zege katika uwazi wote, kuanzia chini hadi juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, au huko hamna msemo huo? Sasa hata panya hapiti.

Mawingu yamefunga. Jumamosi namhamisha Mama yako.

Baba yako

21 Mei

Baba, shikamoo. Nisamehe, leo siulizi hali.

Usimhamishe. Zege hilo litavuta maji ya mvua kutoka ukuta wa nje na kuyafikisha kitandani kwake. Kama ameshahamia, mtoe leo, hata akalale kwa jirani. Nimetuma na telegramu, sijui kipi kitatangulia. Nakupigia magoti, Baba, mtoe.

Mwanao

3 Juni

Baba, shikamoo.

Sijapata jibu. Kazini napima uwazi wa kuta za watu nisiowajua. Niandikie hata mstari mmoja. Mama yuko wapi?

Mwanao

16 Agosti

Mwanangu,

Pole kwa msiba wetu. Telegramu niliyokutumia mwezi Juni ilikuwa na maneno matatu, na hayakutosha.

Yako ilipofika, Mama yako alikuwa amekwisha lala humo siku nane. Lipu ya nyuma ya kitanda ilikuwa imevimba, shuka mbichi. Nilimtoa, tukaenda hospitali, lakini kifua kilikuwa kimeshajaa.

Kabla ya hapo aliuliza mbona nyumba mpya inalia. Nikamwambia, "Ni mchoro wa mwanao." Nilisema mara moja tu. Sikurudia, wala sikukanusha.

Wiki ya pili hospitali alinishika mkono akasema, "Usimgombeze mtoto. Alitaka nipate joto. Mwambie nimemsamehe." Nikamwambia nitakwambia. Aliishi siku mbili zaidi, akili timamu, nami nimekaa pale pale kando yake. Mdomo ulikuwa wangu na nafasi nilikuwa nayo. Sikusema kuwa zege ni langu.

Baada ya mazishi nilichukua nyundo na tindo. Nimebomoa ukuta wa ndani na kung'oa zege lote, peke yangu, nikaujenga upya na uwazi wa vidole vinne, nikipima kwa mkono wangu. Mvua ya wiki hii imenyesha siku tatu. Kila asubuhi naweka kiganja pale kitanda kilipokuwa. Pakavu kabisa. Ulikuwa sahihi.

Hakuna anayelala humo. Mimi niko nyumba ya zamani.

Ujumbe niliotumwa nimeufikisha: Mama yako amekusamehe. Mimi hakunisamehe, kwa sababu sikumpa la kunisamehe. Umebaki wewe tu, na sithubutu kuomba.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo