Skrubu Tatu

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Umeamkaje huko? Mgongo unaendeleaje? Mimi sijambo. Magoti yanalia nikiinuka, lakini yamelia tangu una meno ya maziwa, kwa hiyo hiyo si habari. Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani. Kaniweka kwenye kiti cha wateja, mashine yake kaifunika kitambaa. Nimemwambia andika ninavyosema, usininyooshee maneno kama unapiga pasi. Amecheka. Andika kwamba umecheka.

Usinipigie simu tena. Simu ni ya kusema nimefika salama, kwaheri. Mimi nikianza tu kuingia kwenye jambo lenyewe, imeshakata. Barua hainikati.

Nilimweleza fundi hizo habari zako za vizibao, kwamba wa bluu ni wa kiwanda, nyie wa machungwa ni wa wakala aliyewaleta, na mnakaza skrubu zilezile kwenye meza ileile. Akaniuliza, wa bluu anakaza kwa nguvu zaidi? Mjibu wewe. Na hii ya karatasi ya mkataba kuisha kila miezi mitatu, mnakaa nje wiki, halafu mnaitwa tena kama wageni, hii ndiyo inanishinda kabisa. Kuku wangu hutoka asubuhi akarudi jioni, na simwulizi jina.

Sasa nisikilize kama nimeelewa. Karatasi ya saba inakwisha. Ukianza ya nane ukaimaliza bila kukosa siku, wanakupa kizibao cha bluu. Ukipata bluu unapata likizo. Ukipata likizo unakuja nyumbani. Ndivyo?

Nauliza kwa sababu nilikwenda kwa daktari wa macho. Kijana mzuri, mikono baridi. Anasema ni presha ya jicho. Linafunga kuanzia pembeni kuja katikati, na pakishafunga hapafunguki. Sasa hivi nikimtazama fundi namwona pua na mdomo, masikio hana. (Anasema anayo.) Daktari kanipa matone ya kulichelewesha. Nikamuuliza, mpaka lini? Akasema labda katikati ya mwaka, labda mbele kidogo.

Sikuiti. Nasema tu, wiki yako ya nje ikifika, njoo nikutazame uso mara moja. Miaka miwili inakaribia. Ninayemkumbuka ana kovu jipya kidevuni, na hilo kovu sasa litakuwa limezeeka.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo mzima. Habari ya jicho nimeisoma kwenye foleni ya kuingia. Nikaikunja, nikaingia kazini.

Wiki ya nje imekwisha na sikuja. Wakala hasemi siku atakayotuita. Anafika getini asubuhi na orodha, anasoma majina, asiyeitikia, nafasi yake anapewa aliyesimama nyuma yake. Kuja huko ni siku mbili na kurudi siku mbili. Kwa hiyo nilisimama getini siku zote sita. Ya sita akaniita.

Karatasi ya nane imeanza. Kila karatasi mpya tunafundishwa upya, maana kwa hesabu yao sisi ni wageni na mgeni hagusi kitu kabla ya mafunzo. Safari hii mwalimu alikuwa yule msichana niliyemfundisha mimi kazi, wakati wa karatasi yangu ya pili. Yeye ana bluu sasa, mjomba wake anajuana na mtu. Alisimama mbele yetu, akanyanyua bisibisi akasema, "Hii inaitwa bisibisi." Tukatazamana. Nikaandika kwenye daftari: bisibisi.

Mwambie fundi wa bluu anakaza kama sisi. Skrubu tatu kwenye kifuniko cha mbele cha feni, moja juu, mbili chini, feni mia sita kwa siku. Mkono wangu unaendelea kuzunguka hata nikiwa kwenye foleni ya maji. Watu hunitazama. Mimi sihisi kuchoka. Sihisi kitu sana.

Imebaki miezi mitatu. Weka matone, Mama. Mwezi wa saba nakuja na likizo yenye mhuri.

Kitindamimba wako

10 Aprili

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, matone naweka, moja jichoni, mawili shavuni, ndivyo mkono ulivyo.

Nimecheka hiyo bisibisi mpaka fundi akanipa maji. Halafu sikucheka tena.

Sasa nimefanya jambo, na usikasirike kabla hujafika chini. Nimemwandikia mkubwa wa kiwanda chenu. Anwani tumeitoa kwenye boksi la feni la muuza soda wa pale njia panda. Ni feni zenu kabisa, ana moja tangu mwaka jana, inapuliza vizuri. Nilianza kwa kumwamkia, maana mtu haingii tu. Nikamuuliza hali ya watoto. Fundi akasema huenda hana watoto. Nikamwambia mtu mwenye kiwanda atakosaje watoto, andika.

Nikamwambia mimi ni mama wa yule anayekaza feni zake, nikamtajia na jina lako. Kwamba yuko naye mwaka wa pili unakwisha, karatasi saba zimepita na ya nane imeanza, na hajakosa siku, hata siku ya mafua. Nikamshukuru kunitunzia mtoto. Nikamwomba siku tano. Sikuita likizo, nilijua litamshtua. Nimesema naazima, na nitamrudisha.

Fundi aliweka kalamu chini akasema, "Mama, una hakika?" Nikamwambia wewe andika, kushona utashona baadaye. Yeye huwa na wasiwasi, hata suruali ya mtu hupima mara tatu. Tumetia na stempu mbili, isije ikaanguka njiani.

Mama yako

6 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Wewe hujajibu, lakini mkubwa amejibu. Fundi amenisomea. Inasema, "Kumbukumbu zetu hazionyeshi mfanyakazi wa jina hilo. Tunakutakia siku njema." Basi. Chini kuna mhuri. Nikamwambia soma tena. Soma na nyuma. Nyuma hakuna kitu.

Uko wapi? Kama si kiwandani, niambie, nimezaa watano, hakuna la kunishtua. Kama kuna kazi nyingine unaifanya na umeona aibu, niambie hiyo kazi. Fundi anasema wakubwa hawajui watu wao wote. Nikamwambia mimi nina kuku kumi na mmoja na mhuri sina, nao nawajua.

Niliposomewa nilikaa nikangoja nilie. Sikulia. Nikachambua maharage. Kwa jicho hili nadhani nilitupa mazuri nikapika mawe, maana fundi alikula kwa adabu sana.

Jibu hata mstari mmoja.

Mama yako

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Niko hai na sijakudanganya. Nilikuwa kiwandani kweli, karatasi zote saba.

Mkubwa naye hakudanganya. Kwenye vitabu vyake simo. Nimo kwenye vitabu vya wakala, na kwa wakala kila karatasi mimi ni mtu aliyeanza siku hiyo. Aliyefikisha miaka miwili mfululizo, sheria inataka awe wa kiwanda. Kwa hiyo wanahakikisha hakuna anayefikisha.

Barua yako ikafika mezani kwao ikiwa na hiyo miaka miwili ndani yake. Waliniita. Alikuwepo wakala na mwanamke mmoja wa ofisini. Mwanamke alinivutia kiti akaisoma kwa sauti. Alipofika pale pa siku ya mafua alitabasamu, wala si kwa ubaya. Akasema, "Mama yako anajua kuzungumza." Halafu akaniwekea karatasi inayosema nimeanza kazi mwezi wa tatu mwaka huu, na kabla ya hapo sijawahi kukanyaga pale. Wakala akasema nikisaini nitaimaliza ya nane kwa amani.

Nikasaini. Nikarudi mezani nikamaliza feni za siku hiyo. Kesho yake getini akasoma orodha mpaka mwisho na jina langu halikuwemo. Mlinzi alinivua kizibao akakikunja vizuri, akampa aliyesimama nyuma yangu.

Usijilaumu. Wanawake wa meza yangu walishaniambia hawajawahi kumwona mtu aliyemaliza ya nane. Mimi ndiye sikutaka kusikia.

Baada ya hapo nilikuwa na siku za kuja nyumbani, Mama. Wiki tano. Sikuja. Nilikaa chumbani nikitazama ukuta, mkono ukizunguka. Kila asubuhi nilisema leo napanda basi. Sijui niliogopa nini. Labda kukuletea uso huu.

Wiki iliyopita wakala mwingine amenipeleka kiwanda cha mabeseni. Kizibao ni cha kijani. Karatasi ya kwanza. Tumefundishwa beseni ni nini.

Jicho linaendeleaje?

Kitindamimba wako

2 Agosti

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Huko joto limepungua? Mimi sijambo. Kuku mmoja amefariki, wamebaki kumi.

Jicho limefunga. La kulia lilitangulia, la kushoto likafuata siku ya tatu, asubuhi, nikiwa natafuta kikombe. Nikajua kikombe kipo, mimi ndiye sipo. Sikupiga kelele. Nikamwita fundi akaja na sindano mdomoni, nikamwambia toa hiyo sindano kwanza. Kumbe nilijua ipo kwa sauti yake. Basi nikaona nitaweza kuishi.

Umesema nisijilaumu. Nilijaribu kujilaumu, hata hilo limekataa. Ni kama mguu uliokufa ganzi. Unaupiga, unajua ni wako, lakini hauitiki. Kwa hiyo tuko wawili, wewe na mkono wako, mimi na mguu wangu.

Wala usije mbio. Siku za mbio zimekwisha. Njoo karatasi ikiisha, waisome orodha bila wewe au na wewe, shauri yao. Uso unaouogopa uniletee tu. Sitautazama. Nitaushika, na kovu nalijua lilipo.

Jana nilimwambia fundi anishike mkono twende kwa muuza soda. Nikamwambia muuza soda, izime feni yako. Akasema, "Mama, watu wanatokwa jasho." Nikamwambia, izime nimwone mwanangu. Wateja wakacheka. Akaizima. Nikapapasa kile kifuniko cha mbele. Moja juu, mbili chini, kama ulivyoandika. Zimekaa, ukucha hauingii. Nikasimama hapo nimezishika mpaka mtu akasema soda yake imepata moto.

Muuza soda akafurahi, akaniletea na nyingine, mpya, imefika wiki hii ndani ya boksi lake. Nikaipapasa. Ya juu imekaa. Ya chini ya kwanza imekaa. Ya mwisho inacheza, unaizungusha kwa kidole. Nikamwambia, hii siyo yake. Akasema, "Mama, umejuaje, zote zinatoka kiwanda kimoja?" Nikamwambia, yeye pale hayupo tena.

Nikanyoosha mkono, nikamwambia nipe kile kinachoitwa bisibisi.

Nimeikaza.

Mama yako