Fundi Pampu Hanyoi Leo

Kwa Kinyozi, nyuma ya stendi ya mabasi,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, Bi Kwa Nini,

Hujambo mwanangu? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unalala dirisha wazi? Sisi huku wazima. Mama yako goti linamsumbua kwenye ngazi tu, kwenye harusi halina neno. Mimi mjomba wako ni yule yule, kinyozi namba moja mtaa mzima, na namba mbili yuko mbali sana nyuma yangu.

Barua yako niliisoma nimesimama, na tangu siku hiyo sijakaa vizuri. Unasema tasnifu unataka kuiacha. Miaka yote umeshinda na wale wazee wako wa falsafa wa karne zilizopita, waliosema kila kitu kina sababu yake na akili ikitulia itaiona. Sasa umefika sura ya mwisho, ile ya maana ya maisha, na hujui uandike nini. Unasema sababu zinakwenda, zinakwenda, halafu zinakatika, na wewe huendi kusimama mbele ya watahini kuwaambia hivyo.

Usinione wa darasa la saba. Nimetembea mimi, nimenyoa mabaharia wa kila rangi, na jaji mmoja aliyesinzia kitini akikoroma. Hata ule mchezo wao wa kutilia shaka kila kitu nimeujaribu hapa dukani. Nilikitilia shaka kiti, kikaondoka. Kioo nacho kikaondoka. Nilipomfikia mke wangu, akapiga simu niende nikamenye viazi, shaka yote ikaniishia.

Sasa sikia kinachoninyima raha. Unamkumbuka fundi pampu, jirani yetu mrefu, aliyekuwa akikuzibia pancha za baiskeli bure? Mke wake alifariki mwaka jana, ghafla, nguo ziko kwenye beseni. Na mimi na mdomo wangu huu nilishawatangazia wateja kwamba mpwa wangu anatafuta maana ya maisha huko chuoni, na amebakiza kidogo tu. Nilisema kama wengine wanavyotamba kwamba mtoto wao amejenga. Fundi alikuwepo.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi. Kichwa kinang'aa kama sufuria mpya, nywele hazijapata hata nafasi ya kuota, lakini anakaa, namfunga kitambaa, napitisha mashine juu juu. Halafu ananiuliza kwa sauti ya chini Bi Kwa Nini amefika wapi. Namwambia amekaribia. Anashusha pumzi, anakwenda zake.

Jumamosi ya wiki iliyofika barua yako, nilikuwa nayo mfukoni. Alipouliza, ulimi ukawa mzito, jambo ambalo hapa dukani halijawahi kuonekana. Nikamwambia kweli, kwamba sababu zimekukatikia, umekwama na unataka kuacha. Akajifungua kitambaa mwenyewe, akakikunja vizuri, akatoka.

Jumamosi iliyopita hakuja. Nimekwenda kugonga kwake, kimya, na pampu za watu zimerundikana mlangoni. Jana nimemgusa mteja sikio na wembe kwa kuchungulia barabarani. Nafagia duka lisilo na nywele. Hata barua hii naiandika huku nainuka inuka. Ngoja kidogo, kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Alikuwa yeye, mikono imejaa grisi, maana yake ameshika kazi. Nilipochukua mashine akasema leo hanyoi, amekuja kuongea tu. Akaniambia siku ile aliondoka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Baadaye akawa anakuwazia, ulivyokaa na mavitabu yote hayo, nawe umekwama.

"Kila mtu ananiambia kuna sababu," akasema. "Siioni, nikadhani ni ujinga wangu. Kumbe hata anayeisomea haioni. Mwambie aandike pale pale sababu zinapokatika. Hapo ndipo nilipo mimi, kinyozi. Nataka mtu apaandike."

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilibaki nafuta kioo kisafi.

Basi mwanangu, jibu usilokuwa nalo usilitunge. Nenda mbele ya wale watu, uwaonyeshe ulipofika. Wakikuangusha, njoo, kiti cha pili kipo, nitakufundisha kunyoa. Lakini nenda.

Mama yako anakusalimu, bibi yako anauliza kama unakula, na kaka yako fundi umeme anasema koti lake ulilolichukua bado analihesabu kuwa lake. Mungu akufunike, akupe kifua cha kusema hata pale huna jibu.

Na ujibu upesi. Fundi ameapa hatanyoa mpaka barua yako ifike, na nywele zake, nimeziona leo, zinaota upande mmoja. Mtu huyo anatembea mtaani akisema kinyozi wake ni mimi.

Wako akupendaye, asiyekaa chini mpaka utakapoandika,

Mjomba