Udongo Tuliotaka Kuupeleka Buswelu

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako jikoni, kile ulichokuwa ukinikemea nisikikalie kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu. Bado ni mbovu. Mwanao Lukas yuko kazini kiwanda cha minofu ya samaki, na mjukuu wako Neema yuko shule. Nimeona afadhali nikwambie mwenyewe, maana hapa Mkolani watu wanakufa kila siku na sitaki mmoja wao anitangulie kukuletea umbea.

Nina aibu, Mama. Siyo ile ya kuangusha sufuria mbele ya wageni. Hii ni ya kunifanya nizunguke njia ya nyuma nikienda kisimani, nisikutane na mtu wa kunipa hongera.

Tangu tukuzike mambo yamegeuka. Pamba sasa inanunuliwa na kila mwenye mizani, wanakaa kando ya barabara wanagombania wakulima. Chama cha ushirika kimebaki jina tu na mlinzi. Na lile ghala lao la dawa za pamba, lililokuwa jirani yetu miaka yote, wajanja wameng'oa mabati, sasa mvua inaingia itakavyo. Harufu unaijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema hata nzi wamehama.

Najua unayakumbuka haya, lakini acha niyapange, la sivyo nitakwepa. Wale watu wa mpango wa kuondoa sumu ya ghala walipokuja mara ya kwanza kusafisha, hawakubisha hodi kwa mtu. Walivaa glovu na vitambaa vya pua, wakapakia mapipa yaliyooza, wakachimba ule udongo mweusi, wakaurundika nyuma ya ghala na kuufunika turubai. Kisha wakaondoka. Sisi nasi, Mungu atusamehe, turubai zuri vile tuliliachaje? Kabla wiki haijaisha lilikuwa limekatwa vipande, watu wanaanikia mahindi. Hakuna aliyekuwa ametuambia lile lilikuwa la nini. Mvua zilipokuja, rundo likateremka lote hadi bondeni kwenye mchicha wetu.

Wewe hukunyamaza. Ulijifunga khanga ukaenda mjini kwenye ofisi yao, ukakaa kwenye benchi mpaka wakachoka kukutazama. Nilikuwa nimekusindikiza, najificha nyuma yako kwa woga. Ukawaambia, "Hata ng'ombe anayetibiwa anashikwa pembe kwanza, ajue anaguswa. Ninyi mmetugusa bila kutushika." Yule bwana mkubwa alicheka, halafu akaacha kucheka. Tukiwa njiani kurudi ukanunua miwa, ukanimenyea mimi kwanza. Sijui kwa nini hilo ndilo linaloniliza kuliko mazishi yako.

Basi, ulishinda. Mpango wao wakaubadilisha. Safari hii walisema hawatagusa kitu mpaka kamati ikae: wenyeji, bwana afya, wanunuzi wapya wa pamba, wazee, wanawake. Sasa tunaitwa wadau, Mama. Neno lenyewe limewakaa watu mdomoni utadhani walizaliwa nalo. Jina lako lilikuwa la kwanza kutajwa. Nawe ukafa kabla ya kikao cha kwanza. Watu husema ni zile dawa za ghalani ndizo zilizokuua. Daktari hakusema hivyo, nami siwezi kukuongopea. Nafasi yako wakanipa mimi. Walisema mkwe wa Mama Ng'wala amekaa naye, lazima ameambukizwa ulimi.

Hawakujua kwamba ulimi wako uliondoka nao.

Kikao kilifanyika darasani, tumebanana kwenye madawati ya watoto. Wakubwa wa mpango walieleza vizuri, sina la kuwasema. Udongo wote utachimbwa tena, utawekwa kwenye mifuko mizito, utapelekwa mbali na kufukiwa. Swali lilikuwa moja tu, wapi. Mwenyekiti wetu, yule fundi baiskeli unayemfahamu kwa kupenda kusimama, akasema kuna shimo kubwa kule Buswelu, walikokuwa wakichimba moramu ya barabara, limeachwa. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali. Bwana afya peke yake ndiye aliyeuliza, tena kwa upole, "Na wenyeji wa kule wanasemaje?"

Watu wakanigeukia mimi. Si mimi ndiye mkwe wako? Si wewe uliyesema watu waulizwe?

Mama, nilisimama nikasema, "Kule ni pori tu, hakuna watu."

Sijawahi kufika Buswelu. Sikuijua hata njia. Nilisema kwa sababu nilitaka udongo uondoke, na kwa sababu wote walikuwa wakiningoja niseme hivyo. Mwenyekiti akauliza kama tumekubaliana, tukapiga makofi. Unajua desturi yetu, tumelelewa kwenye mikutano ya namna hiyo, jambo likishapigiwa makofi limepita na anayebaki na swali ni mkorofi. Nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo inayonila sasa. Jioni ile Mama Rehema aliniletea sangara mzima, akasema, "Mama yako angeona leo!" Mwanawe bado anakohoa usiku kucha, unamkumbuka, yule mdogo. Nilimkaanga yule sangara tukala.

Kisha wakubwa wakataka mmoja wetu alione shimo, ili isemekane wadau wamelikagua. Nikachaguliwa mimi, aliyekuwa analijua sana. Dereva wao akanishusha barabarani akaniambia nifuate njia ya ng'ombe, yeye anatafuta chai.

Mama, kuna watu.

Shimo limejaa maji ya mvua. Upande mmoja ng'ombe wanakunywa, upande wa pili wamepanga mawe vizuri na wanawake wanachota. Kuna nyumba, kuna viazi, kuna kanisa dogo la matofali ya udongo. Nilisimama pale kama mwizi aliyekuta wenye nyumba wako macho. Mama mmoja akaniona, akatua ndoo yake akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Kisha akaniuliza kwa Kiswahili nimekuja kumtazama nani. Anaitwa Mama Shija. Ana pengo mbele na anacheka bila kulifunika, kama wewe.

Ulimi ukanigeuka mara ya pili. Nikamwambia natafuta kiwanja cha kujenga.

Aibu gani hii! Yule mama alifurahi, Mama. Akanishika mkono akanizungusha, akinionyesha penye jua zuri, penye upepo, na jirani gani ni mgomvi nisikae karibu naye. Akasema maji hayo hayajawahi kukauka tangu yeye aolewe pale. Akanikalisha barazani kwake akanipa michembe ya viazi vyao vya kukaushwa na maziwa ya mgando. Nilipoaga akanifungia michembe mingine kwenye kitambaa, ya kuwapelekea watoto. Akasema, "Karibu sana, jirani. Hapa tulikuwa tunaomba tupate watu."

Neema aliila yote. Mimi nilijaribu kipande kimoja, nikakitema mkononi.

Nimeshakwenda kwa mwenyekiti. Nilimweleza kila kitu, pamoja na maji. Alisikiliza huku akiziba pancha, kisha akasema jambo limeshapita, makofi yalipigwa, na mimi ndiye niliyesema hakuna watu. Nikamwambia nilikosea. Akasema, "Basi simama kikaoni Jumamosi uwaambie wenzako kwamba sumu ibaki na watoto wao. Halafu uone kama watakuita tena mkwe wa Mama Ng'wala." Sikumwona kuwa mtu mbaya, Mama. Na yeye ana wajukuu. Alikuwa akisema kitu ambacho nami nilikuwa nimekifikiria njia nzima.

Maana hilo ndilo jambo lenyewe, na sitaki kukuficha. Nikisema ukweli, huenda udongo ukabaki hapa tena, mwaka huu na mwingine, mpaka wapate mahali pengine. Neema anapita pale akienda shule. Mama Rehema ataniuliza kwa nini nilikula samaki wake. Lukas ameniambia nifanye ninaloona sawa, lakini alipomaliza kusema alikwenda kumfunika mtoto ambaye alikuwa tayari amefunikwa.

Na kuna jingine linaloniuma zaidi. Kama ungekuwa na ndugu Buswelu, hata mmoja, hata wa mbali, ningesimama siku ile ile na kukataa. Sikukataa kwa kuwa hatuna mtu kule. Tulilia miaka hatukuulizwa, tukaapa hatutasahau. Tulipopewa kiti tukakikalia kwa namna ile ile waliyokikalia wao. Nilidhani wale wa ofisini walitudharau kwa kuwa ni watu wa aina nyingine. Kumbe ni rahisi tu, unafumba macho kidogo na kusema hakuna watu.

Ungekuwepo ungenipiga na mwiko. Ningeshukuru.

Nimeamua hivi. Kesho naondoka na gari la kwanza. Naenda kwa Mama Shija, na kabla hajanikaribisha ndani nitamwambia mlangoni kwamba mimi si jirani, na nilikuja kutazama nini. Kama atanifukuza, nitakaa nje kwenye njia ya ng'ombe, kama ulivyokaa kwenye lile benchi. Kama atakubali, Jumamosi nitaingia naye kikaoni, yeye na yeyote atakayetaka kuja, wakae kwenye madawati yale, na mwenyekiti aulize mbele ya macho yao kama tumekubaliana. Udongo ukibaki hapa, utabaki. Nitapigania tena uondolewe, kuanzia mwanzo, na safari hii nitajua ninachoomba.

Naogopa sana, Mama. Ninakuahidi nitakwenda, lakini siahidi kwamba sitatetemeka.

Lala salama. Msalimie baba. Na usinisamehe leo, tafadhali. Subiri kwanza nitoke Buswelu.

Mkweo,
Leah