Mashine ya Rupia Uani Kwangu

Ijumaa, 11 Julai 2025
Mikumi kwenda na kurudi. Mgongo hauna kazi!
Basi la Mbeya lilichelewa. Konda akanishushia boksi refu limefungwa kwa mipira ya baiskeli, akauliza kama ni bunduki. Nikamwambia ndiyo, ya tembo. Hakucheka. Watu siku hizi hawacheki.
Noah ya abiria ya kurudi Kilosa ilijaa, boksi nimelipakata mpaka tukakipita kijiji cha Ulaya, mikono ikafa ganzi. Goodhope kapiga simu mara tatu njiani. Mama umelipata? Mama halijalowa? Mara tatu kwa siku moja! Tangu aende Chunya kwenye dhahabu, mwanangu huyu hupiga sikukuu kwa sikukuu. Pasaka alipiga, akauliza cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi.
Mashine yenyewe ni ya kutafuta vyuma ardhini. Wenzake kule wanaitumia, hii kainunua kwa mtu aliyechoka kuchimba. Amekumbuka habari za babu yake. Baba mkwe, marehemu mzee Melkizedek wa reli, akishalewa alikuwa anasema kazika rupia za Mjerumani uani humu. Akiamka anakataa. Mume wangu Bonifas alikuwa anasema baba anadanganya ili tumheshimu.
Boksi nimelilaza kitandani, upande wa Bonifas. Ule upande haujalaliwa na kitu tangu azikwe.

Jumamosi, 12 Julai
Maelekezo yote Kichina. Goodhope kanielekeza kwa simu, saa nzima. Fimbo. Sahani ya chini. Kioo kidogo kinachotoa namba. Hedifoni nimezikataa, zinanibana masikio.
Amesema niirefushe fimbo nisimame wima, niipitishe taratibu juu ya ardhi. Nimejaribu. Nikiwa wima ardhi siioni. Ua huu nimeufagia miaka yote nimeinama na ufagio wangu mfupi, nitaanzaje leo kusimama kama mlinzi wa benki? Nikaifupisha fimbo, nikainama zangu.
Namelok, Mmasai anayeniuzia maziwa, akaja. Amenikuta nimeinama, akacheka kwa adabu, akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema bado sijui. Nikafungua pindo la khanga, nikamlipa, chenji nikaifunga palepale. Akaenda.
Nikawasha tena — ikalia! Namba 82. Goodhope anasema namba kubwa ni fedha, ndogo ni takataka. Nikachimba mpaka kiwiko. Hakuna. Nikapitisha tena, 82.
Jioni kapiga kuuliza. Kisha, kabla ya kukata: "Mama, umekula?"
Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliniuliza hilo. Nilikuwa sijala. Nikasema nimekula.

Jumatatu, 14 Julai
Vizibo vya soda, vitano. Namba ndogo. Kijiko. Msumari wa reli mkubwa kama mhogo, ule ulinitia moyo kwa dakika moja hivi.
Lakini 82 — mlangoni, bandani, karibu na choo, chini ya kamba ya nguo. Kila mahali! Nikichimba hakuna. Goodhope anasema rupia ziko chini sana, pengine zimo kwenye debe, pengine madebe. Sauti yake imechangamka. Nimemsikia akimwambia mwenzake kuwa kiwanja kizima kwao kinalia.
Amepiga jana. Amepiga leo. Nimeanza kukaa na simu mapajani kuanzia magharibi, kama msichana.

Jumapili, 20 Julai
Kanisani, benchi langu nilikuwa peke yangu. Labda ni bahati tu.
Si bahati. Mwanne jirani kaniambia kutoka uani kwake, hakuingia. Anasema watu wanasema. Rupia za watu wa kale zina wenyewe, na hao wenyewe si watu, ni majini. Anayezichimba hulipa kwa kitu kingine, mume au mtoto. Nikamwambia mume nilishalipa. Haikuwa mzaha mzuri. Akaondoka.
Mwanne na mimi tumeazimana chumvi tangu watoto wetu wananyonya. Wiki hii hajatuma mtu kuja kuazima.
Usiku huja mapema kwa mtu wa peke yake. Redio naiwasha, nazungumza nayo, naijibu vibaya.
Goodhope kapiga. Tumeongea mpaka simu ikapata moto. Kanisimulia mashimo ya Chunya, jinsi yanavyobomoka. Kumbe anaogopa! Miaka yote nilidhani haogopi. Kanisimulia kwa sababu nilikuwa nimemwambia kuhusu 82 ya nyuma ya jiko.

Jumanne, 29 Julai
Sijui niandikeje.
Asubuhi nilifua khanga zangu zote, nikavaa gauni. Nikachukua mashine. Kimya. Nyuma ya jiko kimya. Mlangoni kimya. Chini ya kamba ya nguo, kwenye shimo nililochimba hadi nikaumia bega — kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nikasema imekufa, nikaipigapiga, nikaibembeleza. Si kwa ajili ya rupia. Nitamwambia nini jioni?
Namelok akaingia na maziwa, akasogea kuangalia. Mashine ikapiga kelele utafikiri imeibiwa! Ni bangili zake, zimejaa mpaka karibu na kiwiko. Akaupeleka mkono, akauondoa, akaupeleka. Tukacheka wote wawili, sana, mpaka akakaa chini. Sikuwa nimecheka na mtu tangu Pasaka.
Alipoondoka nilikuwa bado nacheka. Halafu nikaacha.
Nikaenda kwenye kamba. Khanga niliyoifua asubuhi ilikuwa haijakauka. Nikachukua chenji ya maziwa, nikaifunga kwenye pindo kama ninavyofunga siku zote, nikajifunga khanga hiyo kiunoni, nikainama. Pindo likaning'inia mbele ya magoti, juu ya sahani.
82.
Nikakaa palepale chini. Ni mimi. Kiwanja kizima ni mimi. Popote ninapoinama, shilingi zangu za maziwa zinaniletea rupia za Mjerumani.
Jioni simu ikalia. Nimepanga nimwambie, maneno nimeyaweka sawa. Hakunipa nafasi. Kapewa ruhusa na tajiri wake. Anakuja sikukuu ya Nane Nane. "Mama, safari hii nakuja kabisa. Usichimbe tena, utaumia. Nisubiri."
Miaka mitatu hajaja. Hata arobaini ya baba yake aliikosa.
Nikasema njoo.

Jumapili, 3 Agosti
Nimesafisha chumba chake. Godoro juani. Jogoo nimemfunga mguu.
Mara mbili nimeandika ujumbe: mwanangu, hakuna kitu, ni chenji. Mara mbili nimefuta. Padri leo kasoma habari za ukweli. Nimeangalia viatu vyangu muda wote.
Nikimwambia hatakuja. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Hatakuwa na hasira hata kidogo, atacheka, atasema basi mama, tutaongea. Na hatutaongea.

Ijumaa, 8 Agosti
Amekuja!
Nimemsubiri barabarani kwenye vumbi kuanzia saa nne. Kashuka na begi moja dogo. Amekonda. Ana mvi upande mmoja, mwanangu ana mvi. Shikamoo mama. Marahaba, marahaba. Nikajifanya naangalia begi.
Kala jogoo karibu wote. Mwanne katokeza uani kumsalimia, kumbe mwanaume akiwepo majini hayaogopwi tena. Tumekaa mpaka tukaanza kurudia hadithi. Sasa hivi anakoroma chumba cha pili. Kelele hiyo! Nimezima redio ili niisikie vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti
Kairefusha fimbo, kasimama wima, hedifoni masikioni, kama inavyotakiwa. Ametembea ua mzima. Kimya. Anajua kazi huyu, haharakishi. Mimi nimechambua mchele kibarazani, mchele ambao jana nilikuwa nimeshauchambua.
Saa sita akakaa juu ya kinu. Kaniuliza mbona kimya, si nilisema kinalia kila mahali? Nikasema labda joto. Akatazama begi lake. Akasema, taratibu, kwamba kama hakuna kitu, kesho kuna gari ya asubuhi ya kwenda Mikumi, angewahi basi.
Nikaingia ndani. Nikavaa khanga. Nikafunga pindo.
Nilijua ninachofanya. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.
Nikamwambia hapa, nyuma ya jiko, ulipita haraka. Nikainama pembeni yake kumwonyesha. Ikalia. Uso wake! Akapiga magoti, akachimba kwa mikono kabla hata sijamletea jembe. Amechimba mpaka jua linazama. Gari ya asubuhi hakuitaja tena.

Jumapili, 10 Agosti
Hatukwenda kanisani. Amechimba mashimo mapya manne, na yale yangu kayaongeza kina. Ua umekuwa kama shamba la viazi. Mikono yake imepasuka. Nimemwona akiinyonya damu kidoleni na ikaniuma mimi.
Saa tisa hivi nimeinama tena pembeni yake, karibu na kamba. 82. Akanyanyua jembe, akalishusha. Akavua hedifoni, akazichomoa.
"Mama, hebu sogea kidogo."
Nikasogea. Kimya.
"Rudi."
Nikarudi. Ikalia. Akanisogeza, akanirudisha, kwa sauti ya upole kabisa. Halafu akalitazama pindo langu. Akalitazama muda mrefu. Mimi nilitazama khanga ya Mwanne iliyoanikwa ng'ambo.
Nilikuwa na maneno, yote yalikuwa madogo.
Akazima mashine, akaiegemeza ukutani. Akauliza leo napika nini.
Nikasema maharage. Akasema sawa.
Naandika nikiwa jikoni, maharage hayajaiva. Begi lake liko mlangoni, sijui kaliweka lini pale. Yeye yuko uani na jembe, namsikia. Anafukia mashimo. Kaanza na lile la kwanza kabisa, langu, la mlangoni.
Mashimo ni mengi sana. Nimetoka sasa hivi kumpelekea maji, nikamwambia asiharakishe. Akanywa, akanirudishia kikombe, akaendelea kufukia, taratibu.