Mama Ametengwa kwa Sababu ya Mvuke

Kwa Kiprugut,
Njoro.
17 Novemba, 1957.

Mpendwa mdogo wangu Micah,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Ile homa iliyokushika mwezi wa nane imekwisha kabisa? Sisi tu wazima, mahindi yamekauka vizuri na watoto wanakula. Shemeji yako Kiprugut anakusalimu sana. Nimeanza kwa salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa sikiliza, maana nimekukasirikia tangu Jumanne.

Jumanne nilikwenda Eburru kumtazama Mama. Nilimkuta amekaa nje, shuka kichwani, kama mwenye msiba. Mama ametengwa, Micah. Ameondolewa kwenye Meza ya Bwana, na kilichomwondoa ni barua yako.

Unajua Mama hajui kusoma, na mimi niliolewa mbali. Barua yako ilipofika kwenye sanduku la kanisa, alimwomba Mzee Hezekiah amsomee. Hezekiah naye, badala ya kumsomea kando, akaisoma mlangoni baada ya ibada, watu wote wamesimama. Wakasikia ulivyoandika kwamba mvuke ule utokao shimoni si chochote, ni maji ya mvua yaliyokutana na mawe ya moto, na kwamba Mama aache kuliwekea shimo majani mabichi na kulishukuru kwa “kongoi” kila asubuhi kama watu wa gizani. Ukaongeza kwamba uliwasimulia wenzako wa chuo wakacheka mpaka machozi. Haya, furahini! Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua kwamba Mama anaabudu shimo.

Hivi wewe ulikunywa nini utotoni? Eburru ina mto gani? Baba alilaza bomba juu ya tundu lile, mvuke ukapoa ndani yake, ukadondoka pipani tone kwa tone, tukanywa, tukapikiwa, tukaogeshwa. Hata maji uliyobatiziwa yalitoka pipani humo, na Hezekiah huyohuyo ndiye aliyemtuma Mama ayalete. Siku hiyo hakuona ushetani wowote.

Nilimuuliza Mama huwa anamshukuru nani pale. Alinitazama kama anayetazama mjinga.

“Mungu. Kwani kuna mwingine anayechemsha maji chini ya ardhi?”

Nikamuuliza, mbona basi unainama?

“Wewe simama wima pale, tuone kama utarudi na uso.”

Nikamsomea barua yako upya, polepole. Hakukasirika hata kidogo. Akasema, “Nani alibisha kuwa si mvua?” Kisha akataka nirudie pale uliposema kwamba huenda mvua hiyo ilinyesha kabla babu yake hajazaliwa, ikashuka chini kidogokidogo, na ndiyo tunayoinywa leo. Nilirudia mara tatu. Akashika mdomo. Nami mwili ulinisisimka.

Mama asiyejua hata herufi moja ameielewa elimu yako kuliko wewe! Uliwezaje kuandika jambo kubwa namna hiyo, kisha ukacheka? Na Hezekiah anadhani Mungu hasikii asante isipotamkwa ndani ya jengo lake. Mmoja ana Biblia, mwingine ana vitabu vya chuo, na hakuna kati yenu aliyewahi kutetemeka mbele ya anachokisoma. Mnanichosha nyote wawili.

Sasa sikia linaloniuma. Wazee wamempa Mama mpaka Jumapili ya kwanza ya Desemba. Asimame mbele ya watu, akiri kwamba aliabudu shimo, ndipo arudishwe. Asipokiri, siku yake ikifika hawatamzika kwenye ardhi ya kanisa. Na kikohozi chake kimezidi, sikufichi.

Kabla sijaondoka aliniomba nimfundishe maneno ya kuungama, asije akakosea mbele za watu. Nimemfundisha, Micah. Mama yetu ambaye hajawahi kutudanganya hata kwa peremende, mimi nimemkaririsha uongo wa kusema kanisani, ili siku moja alazwe karibu na Baba.

Majirani zetu Chepngeno na Mzee Kipketer wanakusalimu. Mwenzako wa chumbani, Obeid, msalimu pia, kama hakuwa miongoni mwa waliocheka.

Usinijibu kwa barua. Kazi ya barua zako tumeiona. Panda treni, uje kabla ya Jumapili hiyo, usimame mlangoni palepale pa kanisa na useme wewe ndiye uliyekosa, kabla Mama hajafungua kinywa.

Mungu akulinde njiani, na akufundishe kuinama kabla hujafika.

Wako akupendaye hata kwa hasira hizi,
Dada yako,
Cheptanui.