Babu, Taulo na Toleo la Zamani

Kinyozi, leo nimeaibika, acha tu.

Mjukuu wangu alikuwa anaongea kwa video kwenye kompyuta na wenzake wanaotengeneza programu ya bure. Wanabishana kama waache kuhudumia toleo la zamani la lugha ya kompyuta.

Nikapita nyuma yake na taulo kiunoni. Nikawaambia, "Kilichozeeka kizikwe, mnalilia nini?"

Watu arobaini wakapiga makofi. Arobaini, kinyozi. Na taulo.

Mjukuu akaninong'oneza, "Babu, mashine yako ya kutotolea vifaranga inatumia hilohilo la zamani. Wakiliacha, ikigoma hakuna wa kuirekebisha."

Na ndani mna mayai mia mbili, siku ya kumi na nane.

Nikarudi na taulo lilelile. "Wanangu, mazishi yangojee siku tatu, vifaranga watoke."

Wameahirisha. Sababu waliyoandika: mayai ya babu.